Shetani Alinipitia

Iko sentensi fupi katika Kiswahili chetu ambayo imesuluhisha magomvi mengi na kufisidi nyoyo nyingi. Mtu huiba, hupiga, huvunja amana, hutoka nje ya ndoa yake, na siku anapowekwa kitako mbele ya wazee huinamisha kichwa na kusema, "Shetani alinipitia." Wazee huguna. Mmoja husema, "Haya, yamepita." Husomwa fatiha, hunywewa kahawa, na kila mtu hurudi kwake. Mimi mwenyewe nimepata kuisema sentensi hiyo, na nimepata kuipokea. Sikuwahi kuitilia shaka mpaka niliposafiri mbali na bahari, nikaisikia ikikataliwa hadharani na mzee ambaye hata Muislamu hakuwa.

Hayo yalikuwa Ngenge, mwaka 2004. Ngenge ni kata ya wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Sisi wa visiwani tukisikia habari za Bukoba hufikiri ziwa, sato na migomba isiyo na mwisho; lakini Ngenge imelipa ziwa kisogo. Huko rweya, yaani mbuga ya majani iliyo wazi, imetawala kuliko vibanja, na kibanja ni lile shamba la migomba na mibuni ambalo nyumba hujificha katikati yake. Dada yangu aliolewa na mtu wa huko. Nilivuka bahari kwa boti, nikavuka bara kwa basi, nikafika nikiwa na vumbi hata kwenye kope, na nikakuta mji mzima una msiba.

Watu wa kitongoji kile, Waislamu na Wakristo pamoja, walikuwa na chama chao cha kuzikana. Kila nyumba ilitoa kidogo kila mwezi, na fedha zilikaa katika sanduku la bati lenye kufuli, nyumbani kwa mweka hazina. Akifa Muislamu hununuliwa sanda. Akifa Mkristo hununuliwa jeneza. Na wafiwa wote hulishwa. Mweka hazina alikuwa kijana wa Kiislamu, mpole, mwenye sauti nzuri, ambaye mara nyingi ndiye aliyeadhini alfajiri. Siku mbili kabla sijawasili alifariki mzee mmoja, na sanduku lilipofunguliwa zilikutwa shilingi elfu tatu na daftari. Sanda ikakopwa dukani. Mjane, ili mumewe asilale juu ya ardhi hata jua la pili, alimweka rehani mbuzi wake.

Baraza lilikaa siku ya kuondoa tanga, uani kwa mzee mmoja Mkatoliki aliyekuwa mwenyekiti wa chama. Kijana aliitwa. Alisimama, akavua kofia, akasema kama tunavyosema sote: "Wazee wangu, nisameheni. Si mimi. Shetani alinipitia."

Nilitarajia kuguna kule ninakokujua. Mzee hakuguna. Alimtazama kijana kwa muda, kisha akasema kwa Kiswahili chake kizito, "Alikupitia? Kwani wewe ni njia?"

Mtu mmoja alicheka, akajikamata. Mzee akaendelea, wala hakupandisha sauti. Alisema nyumba yake iko kando ya njia, kila siku wanapita watu, na wengine humwita kwa jina. Lakini anayeingia ndani ni yule aliyefunguliwa mlango. Kisha akauliza, "Na lile kufuli la sanduku, huyo shetani alilifungua kwa ufunguo wa nani?"

"Wangu."

"Uliibiwa?"

Kijana alinyamaza mpaka kimya kikawa kizito. Mwisho akasema, "Fedha nimezila mimi."

"Sasa," mzee akasema, "tumepata mtu wa kuzungumza naye."

Iliamuliwa alipe deni la sanda kwanza ili mbuzi arudi, na zilizobaki alipe msimu wa kahawa. Daftari na ufunguo vikapewa mtu mwingine. Kikao kikaisha, na usiku ule sikupata usingizi. Nilikaa chuoni utotoni, nikahitimu, nikafundishwa tafsiri. Na mzee asiyejua alifu wala be alikuwa amesema maneno ambayo mimi nilitakiwa kuyajua kuliko yeye. Maana katika Sura ya Ibrahim, aya ya 22, iko hotuba ambayo sijui kama iko nyingine ya ajabu kuliko hiyo. Hukumu imekwisha pitishwa, watu wanatafuta wa kumlaumu, na Shetani mwenyewe anasimama mbele ya wafuasi wake kujitenga nao. Anawakumbusha kwamba hakuwa na mamlaka yoyote juu yao isipokuwa aliwaita, nao wakamwitikia. Kwa hiyo wasimlaumu yeye, wazilaumu nafsi zao. Muongo mkubwa kuliko wote, siku ile, anasema kweli. Na kweli yake ndiyo ileile ya uani Ngenge: nilikuita tu, mlango ulifungua wewe.

Basi Ibilisi ni nani, ikiwa uwezo wake hauzidi wito? Qur'ani inasimulia kisa cha kukataa kwake kusujudu katika sura 7, na kila mara kinakuja na kitu ambacho pengine hakikutajwa. Malaika waliamrishwa wamsujudie Adamu wakasujudu, isipokuwa yeye. Wanavyuoni wametofautiana tangu zamani kuhusu jinsi yake. Wako waliosema alikuwa katika malaika akashushwa daraja. Na Hasan al-Basri alishika kwamba hakupata kuwa malaika hata kwa kitambo cha kupepesa jicho. Sura ya Al-Kahf inasema alikuwa katika majini, na jini ni kiumbe mwenye khiyari kama sisi, aliyeumbwa kwa moto kama sisi tulivyoumbwa kwa udongo. Mimi naelemea huko, kwa sababu malaika haasi, na asiyeweza kuasi hana la kulaumiwa. Jina la shetani wataalamu wa lugha hulihusisha na kuwa mbali. Na la Ibilisi hulihusisha na kukata tamaa. Yaani aliye mbali na aliyekata tamaa. Katika majina yote mawili hamna nguvu hata kidogo, na Sura ya An-Nisaa inasema wazi kwamba vitimbi vyake ni dhaifu.

Lakini linalonishughulisha zaidi ni yale aliyoyasema baada ya kuasi. Tunasahau kwamba katika kisa kile hakuna muasi mmoja, wako wawili. Ibilisi aliamrishwa asujudu hakusujudu. Adamu alikatazwa mti akaukaribia. Ukiyapima makosa kwa mizani ya sheria hayapishani sana: amri moja ilivunjwa huku, katazo moja likavunjwa kule. Kwa nini basi mmoja alilaaniwa na mwingine akawa nabii? Jibu liko katika vinywa vyao, na katika Sura ya Al-Aaraf majibu yao yamewekwa karibu karibu, yanatenganishwa na aya chache tu. Ibilisi alimwambia Mola wake kwamba Yeye ndiye aliyempotosha, na kwa ajili hiyo atawavizia wanadamu katika njia iliyonyooka. Adamu na mkewe walisema kwamba wamezidhulumu nafsi zao. Hawakumtaja aliyewadanganya. Na walikuwa na haki ya kumtaja, kwani ni kweli aliwadanganya, aliwaapia kabisa! Lau iko siku katika historia ya ulimwengu ambayo maneno "shetani alinipitia" yangekuwa na ushahidi kamili, ni siku ile, na ndiyo siku ambayo hayakusemwa.

Ukishaliona hilo huwezi tena kuisikia sentensi yetu kama zamani. Wa kwanza kusema "si mimi, ni mwingine" alikuwa Ibilisi. Kijana anayesimama mbele ya wazee na kumtupia shetani fedha alizozila anadhani anamlaani shetani, kumbe anasoma maneno yake, kwa sauti yake, katika msikiti wake. Kosa la wizi alilifanya kama Adamu, kwa udhaifu. Lakini utetezi aliufanya kama Ibilisi.

Na kwa nini Ibilisi hakuweza kusema kama Adamu? Kwa sababu kabla ya kukataa alikuwa amekwisha sema kwamba yeye ni mbora: moto kwa udongo. Aliyejiona mbora hana mahali pa kuweka kosa lake. Kila akiligeuza anaona si lake. Hapa naomba msomaji aniruhusu nitoke njiani kidogo, kwa sababu jambo hili lina makovu huku kwetu. Ibilisi ndiye wa kwanza kumpima mwenziwe kwa asili yake. Hakuuliza Adamu anajua nini, ingawa Adamu alikuwa amefundishwa majina yote. Aliuliza ametokana na nini. Pwani yetu iliishi kwa swali hilo miaka mingi. Nani muungwana na nani mtwana, nani wa ukoo na nani wa kuja. Na amri ya kukomesha utumwa Unguja na Pemba ilipotolewa mwaka 1897 haikulikomesha swali. Bukoba nao walikuwa na lao. Chini ya nyarubanja mtu alilima kibanja cha babu yake huku akimlipa bwana mwenye cheo kwa sababu ya uzawa tu, mpaka serikali ikatunga sheria ya kuivunja mwaka 1965. Mashekhe wetu wamehutubu sana juu ya mashetani ya pombe na ya ngoma. Shetani wa nasaba, ambaye kwa hakika ndiye mkongwe wao, nimesikia akihutubiwa mara chache mno, na nadhani sababu inajulikana.

Wako waliomwonea Ibilisi huruma, na wapenzi wa ushairi hawana budi kuwasikiliza kwani wengi wao walikuwa washairi. Al-Hallaj, aliyeuawa Baghdad mwaka 922, katika kitabu chake cha Tawasin alimpa Ibilisi nafasi ya kujitetea: kwamba hakusujudu kwa sababu hakutaka kumwinamia yeyote isipokuwa Mungu mmoja, na akaikubali laana kama mpenzi anavyokubali kufukuzwa na mpenzi wake bila kugeuza uso. Ni wazo zuri. Niliposoma habari zake mara ya kwanza nilikuwa kijana, na kijana yeyote aliyewahi kukataliwa na mpenzi huona ameandikiwa yeye. Lakini umri umenifanya nitazame maneno ya kesi yenyewe. Ibilisi alipoulizwa kilichomzuia hakusema "ni mapenzi yangu Kwako." Alisema "mimi ni mbora kuliko yeye." Mpenzi gani, anapoulizwa na mpenzi wake, hujibu kwa kutaja asili ya vumbi na moto? Utetezi wa mapenzi alipewa baadaye na mawakili wenye huruma kuliko mteja wao.

Turudi mlangoni, kwa mfano wa mzee wa Ngenge. Sura ya mwisho ya Msahafu inatufundisha kujikinga na wasiwasi wa mwenye kunong'ona akarudi nyuma, na inasema huyo huwa katika majini na huwa katika watu. Kiswahili kililichukua neno hilo la wasiwasi kikalipa kazi nyingi. Leo mtu ana wasiwasi wa mvua, wa mtihani, wa chelewa ya boti. Asili yake ni mnong'ono, sauti ya chini mno hata mwenye kuisikia hudhani ni yake. Na hiyo ndiyo hila yote. Shetani hakai kifuani akasema "mimi Shetani nakushauri uibe." Husema kwa nafsi ya kwanza: nitazirudisha mwisho wa mwezi, hakuna atakayekufa wiki hii, hata hivyo mimi ndiye ninayehangaika na chama peke yangu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika Ihya aliufananisha moyo na ngome ambayo adui anataka kuingia, na akasema kazi ya mtu ni kuijua milango yake na kuilinda. Milango, msomaji, si kuta. Hasira ni mlango, tamaa ni mlango, haraka ni mlango, kujiona ni mlango. Na milango yote hiyo ni mali ya mwenye nyumba.

Washairi wetu walilijua hili kabla ya kuhitaji kulieleza. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipoyatazama magofu ya Pate, kumbi zilizokuwa na taa zikawa makao ya popo, akatunga Al-Inkishafi, aliyemwita aje ajibu ni moyo wake mwenyewe. Kwa mtu wa dini kama yeye ingekuwa rahisi kumsukumia Ibilisi anguko la mji wote. Aliukamata moyo ukosini akauuliza unangoja nini. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya utenzi ule kutuingia mpaka leo: hausikilizwi kwa mbali.

Hapana budi pia nitenganishe mashetani wawili ambao lugha yetu imewapa jina moja. Yuko huyu wa Qur'ani, na wako wale wa kilinge: rohani anayetaka udi na marashi, kibuki aliyetoka Bukini anayetaka brandi na asali, na wengine ambao kila mtaa unawajua. Huyu anayepandwa huitwa kiti. Mashetani hao wana haja na husema haja zao, wakipewa hutulia. Bukoba nako kabla ya misikiti na makanisa alikuwako Irungu, bwana wa pori, na Mugasha, bwana wa ziwa na tufani, na Wamara, bwana wa wafu; na dini zilizokuja zikawafunga wote katika kapu moja la mashetani. Mimi si mganga wala si mfasiri wa mila, sitasema zaidi. Nasema tu kwamba kuchanganya huku kumetugharimu. Tumemchukua Ibilisi, ambaye kazi yake ni kuita tu, tukamfikiria kama wa kilinge: anapanda, anakalia kiti, anaendesha mikono. Na kiti hakiulizwi kilifanya nini.

Gharama nyingine ni kubwa zaidi. Aliyezoea kumtafuta shetani nje ya nafsi yake, hachelewi kumkuta kwa jirani. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilianza Pemba ikavuka mpaka Unguja. Watu wazima wakalala nje wamekumbatiana. Wengi leo huyakumbuka kwa kucheka. Lakini katika siku zile mtu mmoja mgonjwa wa akili, aliyekuja mjini kutafuta matibabu, aliuawa na umati uliodhani ndiye. Shetani waliyekuwa wakimtafuta hakuonekana. Aliyeonekana ni maiti wa mgonjwa, na mikono ya watu wanaoswali.

Kagera wana kumbukumbu yao, nayo iko katika wilaya hiihii ya Muleba. Ni katika hospitali ya Ndolage ambako mwaka 1983 walitambuliwa wagonjwa watatu wa mwanzo wa UKIMWI nchini Tanzania. Kabla ugonjwa haujapata jina la hospitali watu waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa na biashara ya magendo kutoka Uganda. Na wengi waliamini ni uchawi wa wafanyabiashara waliodhulumiwa mpakani na wadeni wao. Shemeji yangu alinisimulia miaka ile kwa sauti ya mtu anayehesabu makaburi. Maneno ya uchawi yalifuata jeneza kila lilikokwenda. Wakati huo maradhi yalikuwa yakipita mlango mwingine kabisa, na kila siku iliyotumika kumtafuta mchawi ilikuwa siku ya mtu mwingine kuambukizwa. Sikumwambia chochote. Ningemwambia nini, mimi niliyelala uani mwaka 1995?

Nilipoyaandika haya mara ya kwanza niliishia hapo, nikaridhika. Kisha rafiki yangu mmoja, hafidhi, akanikumbusha mambo mawili. Nabii Ayubu, alipozidiwa na mateso, alimwita Mola wake akisema Shetani ndiye aliyemgusa kwa taabu. Na Nabii Musa alipompiga ngumi yule Mmisri akafa, maneno yake ya kwanza yalikuwa kwamba hiyo ni kazi ya Shetani. Je, na hao walijitetea?

Ayubu ni rahisi kumjibu. Alishitaki yaliyompata, hakushitaki aliyoyatenda. Mgonjwa hana kosa la kulikimbia. Musa ni mgumu zaidi, na nilikaa naye siku kadhaa. Nikarudi kwenye Sura ya Al-Qasas nikaona kwamba aya ya Shetani ni ya 15, na aya ya 16, bila kupita kitu katikati, ni Musa huyohuyo anasema amejidhulumu mwenyewe na anaomba asamehewe. Alimtaja aliyemwita, kisha akajitaja aliyefungua. Sisi huisoma ya 15 tukaufunga Msahafu.

Lakini yuko wa tatu ambaye rafiki yangu hakumtaja, na huyo nilikutana naye Ngenge kabla ya kumkuta kitabuni.

Asubuhi ya kuondoka, dada yangu alinipeleka kwa mjane nikamuage. Tulipoingia kibanjani tulimkuta yule kijana. Alikuwa ameuza baiskeli yake, amelipa deni la sanda, na amekuja na mbuzi kamba mkononi. Hakujua amfunge wapi. Mjane alimwonyesha mti, kisha akatugeukia sisi wageni, labda kwa sababu aliona ninavyomtazama kijana, akasema, "Huyu ni mtoto wetu. Ni shetani tu yule."

Nilishangaa hata nikataka kumrekebisha. Maneno yaleyale yaliyokataliwa na baraza zima! Ndiyo maana njiani, katika basi, nilipofungua Sura ya Yusuf kwa mazoea tu ya safari, nilisimama mahali ambapo nimepita mara mia. Ndugu zake Yusuf walimtupa kisimani wakamletea baba yao kanzu yenye damu ya uongo. Yaakub hakuwaambia kwamba Shetani amewapitia, ingawa yeye ndiye aliyekuwa amemwonya Yusuf juu ya uadui wa Shetani. Aliwaambia nafsi zao ndizo zilizowashawishi. Miaka ikapita. Walipokiri mbele ya ndugu yao kwamba walikuwa wakosa, Yusuf alisema leo hakuna lawama juu yao. Na baadaye, wazazi wake wakiwa wamekwisha kaa juu ya kiti cha enzi na ndugu zake wanamsikiliza, alipolisimulia jambo lile alisema ilikuwa baada ya Shetani kuchochea ugomvi baina yake na ndugu zake. Hakukitaja hata kisima; alitaja gereza alilotolewa. Aliyetupwa ndiye aliyemtaja Shetani, na waliotupa walikuwa wamekwisha kujitaja wenyewe.

Kumbe sentensi yetu si batili. Tumeikabidhi kwa asiye mwenyewe. Mkosa akiisema anajificha nyuma yake. Aliyekosewa akiisema anamfunika mwenziwe nguo. Na haiwezi kumfunika ambaye bado hajavua.

Lakini hayo niliyafikiri baadaye. Pale kibanjani sikufikiri kitu, kwa sababu kijana mwenyewe aliinua kichwa kutoka kwenye kamba akasema, "Hapana, mama. Ni mimi."

"Najua," mjane akajibu. "Ungesema ni shetani, mimi nisingesema."

Akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani ya porini na kukaushwa, ambayo kwa Wahaya hupewa mgeni anayekaribishwa. Alimpa kijana kwanza. Kijana alipokea kwa mikono miwili, akasogea kidogo kwenye jamvi, nasi tukakaa. Mbuzi alikuwa amekwisha anza kula majani ya mgomba. Honi ya gari ilisikika kutoka barabarani, dada yangu akasema bado, ni la kwanza hilo, liko jingine.